Ute unavyoziba kitanda cha matete

Aina moja ya ardhioevu ya kutengenezwa ni kitanda cha matete: shimo lililotandikwa saruji au turubai zito, likajazwa kokoto na kupandwa matete, na majitaka hupita chini ya uso wa kokoto. Kazi kubwa ya kusafisha hufanywa na bakteria walioshika mawe, na haohao ndio wanaokiziba kitanda. Moshi inayo ardhioevu ya kutengenezwa huko Mabogini. Nairobi, ile ya mgahawa wa Carnivore ilianza mwaka 1994.

Kokoto mpya huacha nafasi ya asilimia 35 hadi 45. Bakteria wakila uchafu huzaliana na kutoa ute unaowashikiza. Ute huo karibu wote ni maji, kwa hiyo chakula kidogo huzaa utelezi mwingi. Jiwe likifukuliwa karibu na bomba la kuingilia huwa jeusi, linateleza mkononi na kunuka yai viza. Weusi huo ni chuma kilichoungana na salfa. Ute hunasa chembe za uchafu, na bakteria wanaokufa huacha mabaki magumu kuoza.

Kwa kuwa chakula ni kingi mlangoni, mita za kwanza ndizo huzibika. Maji hupanda juu, yakatuama, kisha yakakimbilia upande wa pili bila kusafishwa, huku kokoto za mwisho zikiwa bado safi. Kuongeza urefu wa kitanda hakusaidii sana; dawa ni kupanua mdomo wake ili uchafu ugawanyike, na kutanguliza tangi la septiki.

Kitanda kama hiki kikijengwa Sola, wilayani Maswa, kingefaidika na mawe magumu ya matale ya Usukuma, kwani kokoto zake hazimong'onyoki kuwa vumbi. Hatari ni udongo mweusi wa mbuga: mvua moja kubwa ikiusomba hadi kitandani, huziba haraka kuliko bakteria, hivyo kingo lazima ziinuliwe. Joto huharakisha ukuaji na uozaji pia, ila maji ya uvuguvugu hushika oksijeni kidogo, na pasipo oksijeni mabaki huoza polepole.

Vitanda viwili vya kupokezana ni bora kuliko kimoja kikubwa. Kimoja kikikaushwa wiki kadhaa wakati wa kiangazi, hewa huingia, bakteria hukosa chakula, na ute husinyaa kuwa gamba jembamba juu ya jiwe.