Vijiti 110 vya Lontulu

Kitabu cha Adam Hochschild, King Leopold's Ghost, kilitoka mwaka 1998. Kopi moja ya Kifaransa inazunguka kati ya vijana wetu hapa Kamembe mpaka jalada limeanza kuachia. Wengi wanakisoma juu ya Leopold wa Pili, kujua ubaya wake ulifika wapi. Mimi ninakisoma kama kitabu cha barua. Ndani yake kuna raia wa kawaida wa Uingereza na Marekani, karani wa meli, wamisionari, watu wa makanisa, walioandikia wabunge wao kwa ajili ya watu wa Kongo ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona.

Hiyo habari inatuhusu. Sisi wakimbizi hatuna mbunge. Hapa Rusizi hatupigi kura, na kule ng'ambo ya Ruzizi tulikotoka, kura yetu ilibaki na nyumba. Njo maana kila mara kijana ananiletea karatasi: «Yaya, utuangalilie hii. Tunaituma kwa shangazi Amerika, ampelekee mbunge wake.» Nimesoma karatasi nyingi za namna hiyo. Nyingi zinafanana, na ukisoma Hochschild unaona mfano wake ulianzia mbali.

Tupite haraka kwenye historia. E.D. Morel alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool. Aliona meli zinaleta mpira na pembe za ndovu toka Kongo, na zinarudi na bunduki na risasi. Akajiuliza: kama hakuna biashara inayorudi, nani analipwa? Mwezi wa tano 1903 bunge la Uingereza lilipitisha azimio juu ya Kongo. Konsuli Roger Casement akapanda mto kuchunguza, na ripoti yake ikatoka Februari 1904. Mwezi uliofuata, chama cha kutetea Kongo kikazaliwa Liverpool. Mikutano ikajaa na barua zikaenda serikalini. Mwaka 1908 Leopold akalazimika kuiachia Ubelgiji nchi aliyoishika kama shamba lake. Nani atasema barua hazina nguvu?

Lakini tuangalie nguvu hiyo ilitoka kwenye nini. Mei 1904, kwenye misheni ya Baringa, Alice Seeley Harris alipiga picha ya mwanaume mmoja ameketi barazani. Anaitwa Nsala, wa Wala. Mbele yake kuna mkono na mguu wa binti yake Boali, wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Alice na mume wake John walizunguka Uingereza na Marekani na picha za namna hiyo, wakizirusha ukutani kwa taa. Watu wakalia, wakatoa pesa, wakaandikia wabunge.

Picha hiyo ninaiheshimu. Haina kelele, na Nsala hatuangalii sisi, anaangalia chini. Lakini jiulize: watu wote waliojaa kwenye yale majumba, nani alisikia Nsala alitaka nini? Tunajua alipoteza nini. Kama alitaka walinzi wahukumiwe, au kampuni iondoke, au tu watu wamwache azike, picha haisemi. Maneno ya ombi yaliandikwa Liverpool.

Ripoti ya Casement ilipata shida nyingine. Yeye aliandika watu walichomwambia, na majina yao. Wakubwa wa wizara yake London wakaondoa majina kabla ya kuchapa, wakaweka herufi. Mtu aliyesimama mbele ya konsuli na kusema «mimi ni fulani, kijiji changu ni hiki» akatoka herufi mbili tupu. Casement alikasirika. Sasa, sisi tunajua vizuri kuna jina ambalo ukiliandika, mtu anaweza kufa. Kuficha jina siyo kosa. Lakini hapa mwenye jina hakuulizwa. Mtu akijificha mwenyewe, amejilinda. Ukimfuta bila kumwuliza, ushahidi wake unakuwa habari ya mtu yeyote.

Kwangu, ukurasa mkubwa wa kitabu ni mfupi sana. Kelele zilipozidi, Leopold mwenyewe alituma tume ya majaji watatu, mwaka 1904. Mbele yao akafika chifu Lontulu wa Bolima. Aliweka vijiti 110 juu ya meza, kila kijiti mtu mmoja wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Kisha kijiti kwa kijiti akataja majina.

Hiyo ndiyo barua. Ina hesabu, ina majina, na aliyeileta ni mwenye kufiwa. Tume ilisikia mashahidi wa namna hiyo 370. Ripoti yake ya 1905 ilikubali kwamba mabaya yalitendeka, lakini haikuweka maneno ya hata mmoja wao. Yalifungiwa Brussels mpaka miaka ya 1980. Hochschild anastahili shukrani kwa kuyapeleka kwa wasomaji wengi. Lakini yeye pia anampa Morel sura nzima nzima, na Lontulu mistari michache. Tunamjua Morel tangu kazini kwake. Lontulu anaingia na vijiti, anatoka, basi.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Haya, tuje 2010. Wanafunzi wa vyuo vikuu na watu wa makanisa ya Marekani waliwasukuma wabunge wao juu ya «madini ya damu», na tarehe 21 Julai rais akasaini sheria. Kifungu cha 1502 kiliamuru kampuni zitoe ripoti kama koltani, kasiterite, wolframi au dhahabu yao inatoka Kongo au nchi jirani, Rwanda ikiwemo. Sheria haikukataza kununua. Lakini wanunuzi wengi waliona rahisi zaidi kukimbia. Septemba, Kabila naye akasimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Kule kwetu watu waliiita sheria ya Obama, na siyo kwa kuisifu: mchimbaji alikosa pesa ya shule na ya hospitali. Watetezi wake wanasema kuna machimbo ambako askari walipungua, na sitaki kulidharau hilo. Lakini mwaka 2014 watu 70, Wakongomani na wageni, waliandika barua ya wazi wakisema sauti ya wenyeji haikusikilizwa vya kutosha. Nsala tena: kidonda chake kilionekana, ombi lake halikuulizwa.

Sasa zile karatasi zetu. Zinaanza «sisi tunateseka sana», zinaendelea «dunia imetusahau», zinaisha «tunaomba mtusaidie». Kila neno ni kweli, na mbunge hana la kufanya nalo. Tunaandika kama picha inayongoja mtu mwingine aseme maneno yake, wakati sisi midomo tunayo.

Nimeona moja tofauti. Ilihusu familia zilizokuwa zimemaliza mahojiano ya kwenda Marekani, kisha Januari 2025 mpango ukasimamishwa. Vijana walikaa wakahesabu familia wanazozijua, wakaingia kwa kila moja kuuliza: jina tuliweke ama tuliache? Walioogopa wakaandikwa kwa idadi tu. Mwishoni waliweka ombi moja: mbunge aulize kwa maandishi mafaili haya yako wapi, na majibu yarudi kwetu. Shangazi akasaini, kwa sababu yeye ndiye mpiga kura wa huyo mbunge, na mbunge anaogopa kura yake.

Jibu bado. Huenda lisije. Lakini karatasi ile ukiisoma unajua nani anaongea, anaongea kwa ajili ya wangapi, na anataka nini. Hata Lontulu hakujibiwa vizuri. Vijiti vyake lakini, mpaka leo tunaweza kuvihesabu.