Karikó na zile habari za "tunajivunia"

Hospitali za vyuo vikuu zina aina yake ya uandishi ambayo hatuna mazoea ya kuihakiki: zile habari fupi za tuzo na uteuzi. Fulani kateuliwa mkuu wa idara, fulani kapata medali, fulani kapewa ruzuku ya miaka mitano. Picha ya koti jeupe, tabasamu, chuo "kinajivunia", basi. Sisi tulio kwenye masomo ya juu tunazisoma sana, maana ndizo zinazotuonyesha njia ya kupita. Shida ni kwamba zinatuonyesha waliofika tu.

Chukua Oktoba 2, 2023. Katalin Karikó na Drew Weissman walipata Nobel ya tiba kwa ugunduzi uliowezesha chanjo za mRNA dhidi ya UVIKO-19. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, yaani Penn, kikawatangaza kama timu yake ya kihistoria. Si uongo, kazi ilifanyika pale. Lakini angalia cheo cha Karikó siku hiyo: profesa wa muda katika idara ya upasuaji wa ubongo. Mshindi wa Nobel, na hana ajira ya kudumu pale! Habari nzuri ingesimama hapo na kuuliza imekuwaje.

Imekuwa hivi. Karikó, mzaliwa wa Hungaria, aliingia Penn mwaka 1989 akiamini kwamba mRNA inaweza kuifundisha seli itengeneze protini ya tiba. Aliomba ruzuku, akakataliwa, akaomba tena, akakataliwa tena. Mwaka 1995 akapewa machaguo mawili: aondoke au ashushwe cheo. Akakubali kushushwa, akaendelea na majaribio.

Hapa lazima tuelewe cheo kwenye vituo hivi kinapimwaje. Ruzuku ikija, chuo nacho hukata sehemu yake kwa ajili ya majengo, umeme na utawala. Kwa hiyo mtafiti asiye na ruzuku anaonekana mpangaji asiyelipa kodi, hata kama ana wazo zuri. Kwenye kitabu chake, Breaking Through, Karikó anasimulia jinsi nafasi ya maabara ilivyohesabiwa kwa dola zinazoingia kwa kila futi ya mraba. Dola kwa futi, kama fremu za Kariakoo.

Mwaka 1997 Weissman alihamia Penn, wakakutana kwenye mashine ya fotokopi. Tatizo walilolikabili ni hili: ukiingiza mRNA iliyotengenezwa maabara, kinga ya mwili inaiona kama kirusi, na mwili unacharuka. Wakagundua kwamba RNA nyingine zilizomo mwilini hazisababishi vurugu hizo, na kwamba herufi zake nyingi zimebadilishwa kidogo kikemia. Wakabadilisha herufi moja, uridini, wakaweka ndugu yake sudouridini, na kinga ikatulia. Jarida la Nature liliukataa utafiti huo, Immunity likauchapisha mwaka 2005. Dunia haikushtuka. Wala cheo cha Karikó hakikupanda. Mwaka 2013 alipoteza nafasi ya maabara, akaenda zake BioNTech huko Ujerumani.

Sasa, Penn si jini. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba chuo hakiwezi kumlipa kila mwenye ndoto. Tena kuna daktari mmoja wa upasuaji wa ubongo aliyempigania apate kona ya kufanyia kazi, na kona hiyo ilikuwa Penn hiyohiyo. Nakubali. Lakini hataza za ugunduzi wa 2005 ni mali ya Penn. Mwaka 2024 chuo kiliishtaki BioNTech kikidai mrabaha zaidi kutokana na chanjo, na mwaka huo haukuisha kabla hawajapatana kwa mamia ya mamilioni ya dola. Ile kona iliyoonekana hailipi kodi imelipa kuliko ghorofa zima.

Ndiyo maana naona hizi habari za pongezi ni uandishi mbovu wa sayansi, na si kwamba zina majivuno tu. Sayansi ni mchakato, nazo zinafuta mchakato. Mwanafunzi anayeisoma ile ya Nobel anajifunza kwamba wazo zuri huonekana, hupewa fedha, hupewa medali. Jamani, hapa kwa miaka zaidi ya ishirini wazo zuri lilikuwa gharama kwenye daftari la idara. Ukikataliwa ruzuku ya kwanza huku kichwani una ile picha ya tabasamu, utajiona wewe ndiye mbovu.

Wala sidai mengi. Chini ya picha zingeongezwa sentensi tatu tu: cheo alichokuwa nacho mwaka alipogundua, mara ngapi alinyimwa ruzuku, na nani alimpa meza. Kwa Karikó, sentensi ya kwanza peke yake ingetosha kuwafanya wakuu wa idara wengine wafungue upya mafaili ya watu wanaotaka kuwaondoa mwezi huu.