Mshenga wa Visanduku

Fomu ile niliijaza mara tatu kabla ya kupata mwenza. Aina ya hadithi: fantasia, historia, upelelezi, maisha ya kila siku. Urefu wa majibu: sentensi moja, aya moja, aya nyingi. Nafsi ya kwanza au ya tatu. Lugha: orodha ndefu isiyo na Kiswahili, nikaweka alama kwenye "Nyinginezo", pamoja na nusu ya dunia.

Kwa asiyejua, igizo dhima la mtandaoni ni hadithi inayoandikwa kwa zamu. Naandika anachosema na kutenda mhusika wangu, nasubiri, nawe unaandika cha wako. Mwisho haujulikani. Kwa kuwa wengi wetu hatujuani, jukwaa linakuwa mshenga: linakuuliza unapenda nini, kisha linakutafutia anayefanana nawe.

Wa kwanza alifanana nami karibu kila kisanduku. Tulidumu siku tisa. Kila zamu yake alileta mandhari ya kupendeza, ukungu, mishumaa, farasi, halafu mhusika wake akasimama mlangoni kumngoja wangu afanye jambo. Wezi niliwaleta mimi. Barua ya siri, mimi. Moto, mimi. Siku ya tisa nikapotea bila kuaga, na hilo silisemi kwa fahari.

Fomu ilikuwa imepima sura ya maandishi yetu, ikasahau kazi yenyewe. Nani huzua tukio? Nani anaweza kukaa siku nne bila jibu asijione ameachwa? Ukitaka hadithi igeuke njia, utasema waziwazi au utamvuta mhusika kimyakimya ukitumaini mwenzio ataelewa? Aya ni rahisi kuzihesabu. Nashuku ndiyo sababu zimepewa kisanduku.

Kosa hili si geni. Mwaka 1996 Richard Bartle, mmoja wa waundaji wa MUD, mchezo wa maandishi ulioanzia Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, alichapisha makala iliyowagawa wachezaji makundi manne: wasaka mafanikio, wavumbuzi, wapenda ushirika, na wale wanaowaandama wenzao. Majina yale yakavuma, na baadaye wengine wakayageuza maswali ya kujipima: wewe ni nani kati ya hawa wanne? Lakini kwangu utamu wa makala uko pengine, pale Bartle anapouliza kundi moja likiongezeka mengine yanapatwa na nini. Yeye aliangalia watu wanavyofanyana. Sisi tukabaki na lebo za kubandika kifuani.

Mwenza wa pili hatukulingana. Yeye sentensi chache, mimi aya. Yeye upelelezi, mimi fantasia. Naye alikuwa ndani ya "Nyinginezo", na Kiswahili chake nilikigundua alipochomeka "pole" katikati ya sentensi ya Kiingereza.

Kwenye orodha ya mada, penye neno "kifo", nilikuwa nimejibu ndiyo. Majibu yalikuwa mawili tu, na hadithi ya vita bila kifo ningeiandikaje? Ila baba yangu alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Wiki ya tatu mwenzangu, asijue, akamlaza baba wa mhusika wangu kitandani, akaanza kuandika pumzi zake, moja baada ya moja. Nikazima simu.

Ron Edwards, mbunifu wa michezo ya kuigiza ya mezani, alitofautisha mambo mawili mwaka 2003: mstari na pazia. Kilicho nyuma ya mstari hakiingii kabisa kwenye hadithi. Kilicho nyuma ya pazia kinatokea, ila hatukitazami. Nilichohitaji kilikuwa pazia, na fomu ilinipa ndiyo na hapana.

Kesho yake nilimweleza. Akajibu: "Pole sana ndugu yangu. Tutoke nje ya chumba?" Tukatoka. Mhusika wangu akakaa kwenye benchi la korido na baba yake mdogo, wakabishana kuhusu nauli ya kurudi kijijini mpaka mlango ukafunguliwa. Sijawahi kuandika kitu kizuri kuliko benchi lile.

Sisemi visanduku vifutwe. "Hapana" ya mtu lazima iwe ukuta, isiyoombwa sababu. Na umri hauna nafasi kwenye orodha ya mapendeleo: watu wazima na watoto watenganishwe mlangoni, kabla ya swali lolote. Baada ya hapo ningepunguza maswali. Ningempa kila mtu aya moja ya mwanzo wa hadithi aijibu, nione kama analeta jambo au anangoja aletewe. Ningeongeza jibu la pazia, na tarehe kando ya kila jibu, maana aliyejibu mwezi wa pili huenda si yuleyule wa mwezi wa sita.

Tuko mwaka wa pili sasa, yeye na sentensi zake fupi. Juzi nilifungua fomu yangu. Penye "kifo" alama ya ndiyo bado ipo. Nimeiacha, nikaandika kwenye nafasi ya maelezo: baba wa mhusika wangu, tafadhali, afie ndani, sisi tukiwa nje.