Dakika 20 za Boti ya Muhuru Bay

Makongamano ya historia ya sanaa yanayoendeshwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu, hasa Marekani na Uingereza, yana umbo lililozoeleka: ikisiri fupi, meza ya wasemaji watatu au wanne, dakika 20 kwa kila mmoja, kisha maswali. Na dakika hizo sina ugomvi; zinamlazimisha msemaji kuchagua. Kinachonikera ni skrini kugawanywa sehemu mbili.

Aliyeipa sifa mbinu ya picha mbili sambamba ni mwanahistoria wa sanaa Heinrich Wölfflin, ambaye hata kitabu chake cha 1915 kimesimama juu ya jozi 5 za dhana. Picha zikishakaa hivyo, huwa zimetoa hoja kabla msemaji hajafungua kinywa. Weka kushoto boti ya wavuvi wa Muhuru Bay, Ziwa Victoria, kulia mtepe, chombo cha kale cha Lamu. Ukoo unazuka papo hapo: mitumbwi ya visiwa vya Ssese, ambayo boti nyingi za ziwani zimerithi umbo lake, ilishonwa, mtepe nao ulishonwa. Hadhira inaafiki. Lakini boti ya Muhuru siku hizi hupigiliwa misumari, na udugu huo hakuna aliyeuthibitisha pale mezani. Skrini ndiyo iliyoozesha.

Sasa itazame boti yenyewe, ikiwa imevutwa mchangani. Jina limeandikwa pande zote mbili. Ubavu wa kushoto, herufi zinaanzia omo na kukimbilia tezi. Ubavu wa kulia, jina lilelile linaanzia tezi na kuelekea omo, kwa kuwa maandishi yetu hayakubali kugeuzwa. Pembetatu za rangi zinakubali: mchoraji akitaka zote zielekee mbele, zitaelekea. Kwa hiyo upande mmoja jina na mapambo vinakwenda pamoja, upande wa pili vinapishana. Picha moja ya ubavuni, hata iwe nzuri vipi, inalizika jambo hili zima.

Ndipo jozi ya Wölfflin ingefaa kweli: kushoto ubavu mmoja, kulia ubavu wa pili, boti ileile. Na picha zisikatwe zikaacha namba ya usajili, ambayo wapiga picha huikwepa wakifuata jina. Namba haikuandikwa kwa ajili ya urembo, imeandikwa isomwe na ofisa wa uvuvi; hata hivyo inagombea ubao uleule na pembetatu. Mwenyekiti akiinua kikaratasi cha dakika 2 zilizobaki, msemaji awe ameshafika kwenye namba.