Kisu cha Mgema wa Ulanzi

Mvua za Desemba zikishachanganya huku Mafinga, wagema hushuka mabondeni alfajiri, kisu kiunoni na dumu mkononi. Milanzi imeanza kuchipua. Mtaalamu wa mimea Mjerumani, Robert Pilger, aliuita mwanzi huu Oxytenanthera braunii. Kwa Wahehe na Wabena ni mlanzi, na kinywaji chake ni ulanzi.

Msimu mmoja nilimfuata mzee mmoja shambani kwake.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Pita huku, usije ukakanyaga machipukizi."

Alichagua chipukizi nene lililomfika kiunoni, akakata ncha yake, akaliinamisha kidogo na kulitegea mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilicho wazi upande mmoja. Utomvu ukaanza kudondoka. Kuanzia hapo kazi ni ya kurudi: asubuhi na jioni, kila siku, anakwangua kidonda kile kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Akikata kinene, chipukizi linaisha upesi. Akikosa kuja, kidonda kinakauka na utomvu unakatika. Nilimtazama akikata machipukizi mengi bila mkono wake kuongeza wala kupunguza unene, na sijaona fundi seremala mwenye mkono uliotulia kuliko ule.

Tena hakati yote. Chipukizi likigemwa halikui tena kuwa mwanzi, kwa hiyo katika kila kichaka huacha mengine yapande juu, mwakani kichaka kizae tena. Yale aliyoyaacha ndiyo yaliyonifanya nimheshimu zaidi.

Haongezi sukari, haongezi hamira. Chachu imo ndani ya mbeta tangu jana. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu kama maji ya muwa. Jioni unaanza kuuma ulimi. Kesho yake sukari imeliwa, nao umekuwa mkangafu, yaani ulanzi mkali. Mvinyo mwekundu wa Ujerumani uitwao Spätburgunder hupata ukavu wake kwa njia hiyohiyo. Chupa iliyoandikwa "trocken", yaani mvinyo mkavu, ina sukari isiyozidi gramu 9 kwa lita, kwa kuwa nyingine yote imegeuzwa kileo. Ila mvinyo ule unaweza kulala kwenye pipa miezi mingi. Ulanzi haulali. Ukiukawiza unakuwa siki.

Ndiyo maana chakula chake kizuri ni kile kilicholetwa na mvua ileile. Ulanzi mtamu na mahindi mabichi ya kuchoma, Machi, vinapatana sana, punje zikiwa bado zina maziwa. Mkangafu unataka kitu chenye mafuta: kitimoto iliyochomwa vizuri, chumvi na limau basi, maana ule uchachu unasafisha mdomo kila baada ya tonge. Lakini mimi ningechagua uyoga wa porini uliopikwa kwa karanga, na ugali wa moto pembeni. Uyoga una harufu ya udongo uliolowa, na mkangafu unayo pia, kwa mbali. Wanywaji wa Spätburgunder nao huupenda mvinyo wao pamoja na uyoga, nami baada ya kula vile nawaelewa.

Tulikula chini ya kivuli chembamba cha milanzi. Jua lilipoanza kushuka mzee alinawa mikono, akanoa kisu juu ya jiwe, akarudi kwenye chipukizi la kwanza.