Gitaa la taarab linapofikishwa mapigo 300

Ukipewa albamu ya bendi ukaambiwa uigeuze iwe kitu kingine, jiulize kwanza umeshikishwa nini mkononi. Umepewa kila ala peke yake, ngoma mbali, besi mbali, sauti ya mwimbaji mbali? Au umepewa wimbo uliokwisha kuiva, kila kitu kimeingiliana kama mchuzi, na chumvi haitoki tena?

Singeli, ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, ilizaliwa kwenye swali hilo la pili. Naandika kulihusu kwa sababu kila nikipita stendi ya Misuna, hapa Singida mjini, nasikia singeli ikipasua spika za bodaboda, na pembeni namsikia mtu akisema hizo ni kelele tu, vijana wamebonyeza kitufe cha kasi basi. Kasi ipo, nami sitaificha. Ila kabla ya kasi kuna kazi ya sikio ambayo haijaelezwa inavyostahili.

Kwa wenzetu wa muziki wa viwandani, ule unaojengwa kwa vyuma, mikwaruzo na mashine, kugeuza albamu ya roki ni desturi ya siku nyingi. Mwaka 1992 bendi ya Marekani ya Nine Inch Nails ilitoa Broken, na kabla mwaka haujaisha ikatoa Fixed, nyimbo zilezile zikiwa zimevunjwavunjwa na watu kama kundi la Coil na J.G. Thirlwell. Katika kazi za namna hiyo mwenye wimbo humfungulia mgeuzaji stoo: haya magitaa, hii ngoma, hii sauti. Mgeuzaji anaweza kuiacha sauti ya mwimbaji ikiwa tupu, au kuitupa kabisa akabaki na mlio mmoja wa gitaa na kuusaga mpaka ufanane na mashine ya kukata bati.

Sasa njoo Manzese, Tandale au Mburahati, Dar es Salaam, miaka ya 2000. DJ wa kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku kucha, hana stoo ya mtu. Ana CD, au faili la MP3 kwenye flashi, na shughuli ya mtaani inayotaka watu wacheze mpaka alfajiri. Albamu aliyonayo ni ya taarab ya kisasa, ile ya rusha roho. Watu husahau kwamba taarab hii, ukiacha mashairi na mipasho, ni bendi ya umeme kamili: kinanda, gitaa la solo, gitaa la besi, ngoma za kielektroniki. Sikiliza bendi kama East African Melody au Jahazi Modern Taarab kwa kufuata gitaa peke yake, utashangaa.

Nyimbo hizo ni ndefu, mara nyingi zinapita dakika 10. Katika urefu huo kuna sehemu mwimbaji amenyamaza: pale mwanzo kabla hajaingia, na pale katikati baina ya beti, ala zinapojibizana huku watu wakienda kutunza. Hapo ndipo DJ alipopata stoo yake. Hakuhitaji kuiondoa sauti ya mwimbaji, maana mtunzi mwenyewe alikwisha kumwachia uwanja.

Kuna njia nyingine ya kuondoa sauti katika wimbo uliokwisha kuchanganywa: unatoa upande wa kushoto kutoka upande wa kulia, na kila kilichokaa katikati kinafutika. Tatizo ni kwamba besi na kiki, ile ngoma nzito ya chini, kwa kawaida nazo hukaa katikati, kwa hiyo zinaondoka na mwimbaji, na unabaki na muziki uliochimbwa tumbo. Kipande cha ala tupu kinatoka kizima, kina besi yake na pumzi yake. Kwa hiyo ujuzi wa kwanza wa singeli ulikuwa kujua wapi pa kukata. Lupu, yaani kipande kinachozungushwa tena na tena, ikikatwa nusu pigo mbele, kila inaporudi inajikwaa. Ikikatwa katikati ya noti ya kinanda, utasikia mlio wa tak pale maungoni. Na sikio likizoea, mtu huanza kuutaka mlio huo, anauacha kwa makusudi, unakuwa pigo jingine.

Halafu kasi. Hapa nitumie mfano wangu, nisisingizie wimbo wa mtu. Rafiki yangu mmoja hupiga gitaa la solo kwenye harusi za hapa mjini. Nilimrekodi mapigo 16 kwa mwendo wa mapigo 105 kwa dakika, mtindo wa taarab, vidole vikigusa mara nne ndani ya kila pigo. Kipande kizima kina sekunde 9 na kidogo. Nikakiingiza kwenye kompyuta na kukipandisha mpaka mapigo 300. Kikabaki sekunde 3 na pointi 2.

Ukiongeza kasi bila kuzuia sauti isipande, kila kitu kinapanda pamoja. Kutoka 105 hadi 210 ni oktavu moja kamili. Kufika 300 ni kama oktavu moja na nusu. Besi iliyokuwa inavuma kwa hezi 55 sasa iko hezi 157, imehama kutoka tumboni kwenda kifuani. Upande wa juu, sikio la mtu linaishia kwenye hezi 20,000 hivi, kwa hiyo chochote kilichokuwa juu ya hezi 7,000 katika rekodi ya asili kimetoroka, hukisikii tena. Mng'ao wa matoazi umekwenda. Mng'ao mpya unaousikia ni gitaa na kinanda vilivyopandishwa na kuketishwa kwenye kiti cha matoazi. Ndiyo maana singeli inalia kwa wembamba ule unaochoma, na ndiyo maana prodyuza hana budi kuweka kiki na besi mpya chini yake. Anaziba shimo ambalo kasi imelichimba.

Ukiamua kuizuia sauti isipande, programu kama Virtual DJ inakubali, lakini inakutoza kwingine. Ili muziki ukimbie bila kupanda, kompyuta huukata vipande vidogo sana, inatupa baadhi, inashona vilivyobaki. Ukipandisha kasi mara mbili, karibu nusu ya sauti imetupwa. Kinachoumia kwanza ni ncha ya kila mdonoo, ule mwanzo mkali wa kidole kugusa uzi. Gitaa linaanza kutetema kama meno ya mtu mwenye baridi. Mhandisi wa studio ya redio angekwambia hilo ni kosa. Kwenye singeli hilo ni rangi, na mimi nawaunga mkono vijana.

Kutoka hapo walikwenda mbele zaidi. Studio ya Sisso, pale Mburahati, ilikusanya watengenezaji waliojenga biti zao upya ndani ya programu ya FL Studio, hawana tena haja ya CD ya mtu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. 2018 ikaja Poaa ya Bamba Pana, 2019 Tatizo Pesa ya Jay Mitta, na 2024 Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko. Sikiliza vinanda vya kutengenezwa vya humo: vimebeba mwendo uleule wa gitaa la taarab lililokimbizwa. Hata pasipo kipande kilichokatwa, sikio limebaki na umbo lake, kama chungu kinavyobaki na alama za vidole vya mfinyanzi.

Kwa upande wa roki yenyewe, Nairobi ina Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwenye bendi za metali za jiji hilo. Albamu yao ya 2020, iliyotolewa na lebo hiyohiyo ya Kampala, imemwondoa mpiga ngoma na kuweka mashine, ikabakiza ukali wa mwimbaji. Wameanzia kwenye gitaa zito wakafika kwenye kelele ya kompyuta. Vijana wa Mburahati walianzia kwenye taarab. Njia mbili, na zimekutana karibu sana.

Kongo walitangulia kuonyesha kinyume chake: ala ya asili kupelekwa kwa watu wa roki. Konono No. 1 ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Mawangu Mingiedi, ilipitisha likembe, ala ya vilimi vya chuma vinavyodonolewa, kwenye maiki za kujitengenezea kwa sumaku za vipuri vya magari, na mlio ukatoka umechanika. Mwaka 2010 lebo ya Crammed Discs ya Brussels ikawapa bendi za roki na watu wa elektroniki nyimbo za Konono na wenzao wazifanyie watakavyo, katika Tradi-Mods vs Rockers. Deerhoof na Animal Collective wamo. Niliowapenda humo ni wale walioelewa kwamba mkwaruzo ulikuwa sehemu ya noti. Waliousafisha kwanza walipoteza likembe yenyewe.

Jambo hili mtu wa mkoa huu wa Singida hapaswi kulishangaa. Kule Manyoni, upande wa Wagogo, ubao wa ilimba, ndugu ya likembe, hutobolewa tundu, na tundu likafunikwa utando wa buibui. Utando huo kazi yake ni kuvuma. Ulimi wa chuma ukidonolewa, noti inatoka na mvumo wake ubavuni, kama nyuki aliyefungiwa. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliusafirisha mvumo huo hadi majukwaa ya Ulaya. Ukimwambia fundi wa ilimba autoe utando ili sauti iwe safi, umemwambia avunje ala.

Kwa hiyo na kasi na mkwaruzo sina ugomvi; ninalolidai kwa nguvu ni jina. Mpiga gitaa wa bendi ya taarab ambaye sekunde zake chache zilizungushwa usiku kucha mitaani alifanya kazi, na kazi hiyo ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo. Lakini hata kabla ya sheria na malipo, kumtaja hakugharimu kitu: MC anayemsalimia kila jirani kwenye maiki anaweza kumsalimia na mwenye gitaa.

Nirudi kwenye kipande changu. Nilikiwekea pia sauti ya mashine ya kukamua alizeti niliyoirekodi kwa simu, maana kama Singida ina muziki wa viwandani, ni huo. Gitaa la rafiki yangu lilikuwa linaguswa mara 7 kwa sekunde. Kwenye mapigo 300 miguso ikafika 20 kwa sekunde, na hezi 20 ndipo sikio linapoanza kuacha kuhesabu mapigo na kusikia mngurumo mmoja. Vidole vyake vikatoweka. Nikawa sijui tena lipi ni gitaa na lipi ni mashine ya alizeti. Nilimwita aje asikilize. Akakaa kimya, halafu akaniambia nipunguze kidogo, anatafuta mkono wake. Nikashusha hadi 280, na kwenye kurudi kwa tatu akanyanyua kidole: huo hapo.