Mita Hamsini za Mtu Mzima

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kilomita 33 hivi, na karibu yote ni kupanda. Inapita Soni penye maporomoko, inajikunja ukingoni mwa bonde, kisha inamfikisha msafiri kwenye mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima ya Usambara inajulikana kwa chai, kwa mboga zinazoshushwa Dar es Salaam, na kwa wakulima wanaopanda miteremko na mzigo kichwani. Panapozungumzwa kuogelea, haitajwi. Hata hivyo, mtu mzima wa Lushoto anayetaka kuogelea mita 50 za mtindo huru kwa kasi ana mtaji ambao wengi wa mwambao hawana. Ana pia deni moja la kulipa kabla ya kuutumia.

Mtaji wake ni nguvu. Deni lake ni umbo.

Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na ukinzani wake haupandi polepole. Mwogeleaji akiongeza kasi mara mbili, maji humzuia mara nne zaidi, na nguvu anayopaswa kuitoa hufika mara nane. Ndiyo maana kijana aliyezoea jembe na gunia anaweza kuingia bwawani, akapiga maji kwa hasira kutoka ukuta hadi ukuta, na bado akapitwa na mama wa makamo anayeteleza kimya pembeni yake. Kichwa cha kijana kimeinuka. Kwa hiyo nyonga zimezama, na miguu inaburuta maji nyuma yake. Kila tone la nguvu anayoongeza linaliwa na mwili uliokaa vibaya. Tena maji ya mlimani hayambebi kama bahari ya Tanga: chumvi huyafanya maji ya bahari kuwa mazito kidogo na kuinua miguu, ilhali maji baridi huianika kasoro yote.

Ufundi huu unaanza, basi, na mambo yasiyo na kishindo. Macho yatazame chini, shingo ilegee, mwili urefuke toka ncha za vidole hadi visigino. Mkono uingie mbele ya bega, usivuke mstari wa kati wa kichwa. Halafu inakuja sehemu ngumu kuliko zote: kiwiko kibaki juu huku kiganja na kigasha vikishuka, mpaka mkono wote kuanzia kiwiko uwe umeyakabili maji na kuyashika kama jembe lililozama kwenye udongo wa mteremko. Asiyeshika kwanza havuti kitu. Mtu mzima huhitaji miezi kuuhisi mshiko huo, na siku atakapouhisi hatausahau.

Vifundo vya miguu vinaweza kuwasumbua watu wa milimani. Miaka ya kupanda na kushuka huenda ikakaza kifundo, na mguu usiokunjuka hupiga teke linalosukuma maji chini badala ya nyuma. Wako wanaopiga miguu kwa bidii zote na kubaki palepale. Dawa yake haina gharama: kukaa juu ya visigino sakafuni, nyayo zimelala, dakika chache kila jioni, bila kulazimisha. Teke lianzie nyongani, goti likunjwe kidogo tu.

Kuhusu mazoezi yenyewe, wengi hukosea kwa kudhani kwamba kasi ni tunda la kuchoka. Mbio ya mita 50 hutegemea zaidi akiba ya nguvu iliyomo ndani ya misuli, na akiba hiyo huhitaji dakika kadhaa kurudi baada ya kutumika. Anayeogelea mita 15 kwa kasi yake yote, akapumzika mpaka pumzi itulie, akarudia, anajifunza kasi. Anayerudia akiwa hoi anaufundisha mwili wake kwenda polepole. Katika mwinuko wa Lushoto, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na pwani, mapumziko hayo yarefushwe. Hewa nyembamba haiuharibu sana mkupuo mmoja mfupi; inachelewesha kupona baada yake. Waogeleaji bora wa mita 50 huvuta pumzi mara moja, au hawavuti kabisa, njia nzima.

Mfano ulio wazi zaidi wa mazoezi ya aina hiyo ni mwogeleaji Cameron McEvoy wa Australia. Mwaka 2016 alikwenda Olimpiki ya Rio akiwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda mita 100, akamaliza wa saba. Baada ya Michezo ya Tokyo alikaa mbali na bwawa kwa muda. Aliporudi, mtu huyu aliyesomea fizikia alipunguza sana kilomita za kila wiki, akaongeza mazoezi ya nguvu, hata kukwea miamba, na majini akashughulikia kasi kamili karibu peke yake. Mwaka 2023 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 50, na Paris mwaka 2024, akiwa na miaka 30, akatwaa dhahabu ya Olimpiki kwa sekunde 21.25. Kukwea miamba! Watu wa Usambara wanapaswa kulisikia hilo kwa masikio mawili. Kabla yake, Dara Torres wa Marekani alikuwa na miaka 41 alipokosa dhahabu ya mita 50 Beijing kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na Anthony Ervin aliishinda mbio hiyohiyo mwaka 2016 akiwa na miaka 35.

Tanzania nayo inaijua mbio hii. Hilal Hilal na Magdalena Moshi waliogelea mita 50 za mtindo huru Rio mwaka 2016. Sophia Latiff aliiogelea Paris, ambako Collins Saliboko alishindana katika mita 100. Mabwawa ya mita 50 ni machache nchini, lakini ufundi wa kasi hauhitaji bwawa refu. Unahitaji mita 25 zilizopimwa kwa kamba, saa, na mtu wa kutazama. Pa kufanyia mazoezi hayo papo: Ziwa la Magoroto, Usambara Mashariki, liko upande wa Muheza. Kwa bahari, pwani ya Raskazone iko Tanga mjini. Mtu asiende peke yake, asiogelee chini ya maporomoko, na ajihadhari na maji yaliyotuama ya tambarare, ambako vimelea vya kichocho huishi.

Duniani, mashindano ya watu wazima yana makundi ya umri yanayoanzia miaka 25 na kupanda kwa miaka mitano mitano, na mashindano yao ya dunia yalianza Tokyo mwaka 1986. Mkoa wa Tanga una bahari, ziwa na milima. Wanaoandaa mashindano ya kuogelea mkoani humo waweke mbio ya mita 50 kwa waliotimiza miaka 25 na kuendelea, na waitangaze mapema hadi Lushoto, Soni na Mlalo, ili watu wa huko wapate mwaka mzima wa kujiandaa kabla ya kushuka.